Jinsi ya kuichambua namba kubwa mpaka uijue nje ndani: mwongozo kamili kwa mfano wa 33,550,336

Wengi wakiona namba yenye tarakimu nane wanaisoma wanapita, sanasana watakwambia hii ni shufwa ile ni witiri basi. Kumbe namba kubwa ina mambo mengi sana ndani yake na karibu yote unaweza kuyatoa kwa kalamu, daftari na kalkuleta ya kawaida ya kwenye simu, ila ujue pa kuanzia. Na pa kuanzia ni mahali pamoja tu: ipasue namba mpaka ubaki na namba tasa zinazoijenga. Ukishafika hapo maswali mengine yote, ina vigawo vingapi, jumla ya vigawo ni ngapi, ni mraba au sio mraba, kompyuta inaiandikaje, yanajibika kwa mstari mmoja mmoja. Usipoipasua utahangaika siku nzima unagawagawa bila kujua unatafuta nini.

Namba ya leo ni 33,550,336, yani milioni thelathini na tatu, laki tano na elfu hamsini, mia tatu thelathini na sita. Ukiitazama haina chochote cha ajabu, inafanana na bei ya gari. Fuata hatua utaona.

Tukumbushane maneno ya shuleni haraka haraka. Kigawo ni namba inayoigawa nyingine bila baki, kigawe ni zao la namba (21 ni kigawe cha 7), namba tasa ina vigawo viwili tu yani 1 na yenyewe, na alama ^ nitaitumia kwa kipeo, kwahiyo 2^5 ni 2 ikizidishwa yenyewe mara tano, 32.

Hatua ya 1: isome tarakimu kabla hujagawanya

Inaishia na 6, shufwa. Tarakimu mbili za mwisho ni 36, inagawanyika kwa 4, kwahiyo namba nzima inagawanyika kwa 4. Tatu za mwisho ni 336 ambayo ni 8 × 42, kwahiyo inagawanyika kwa 8 pia. Hapo tayari unajua kuna 2 nyingi ndani.

Jumlisha tarakimu zote: 3+3+5+5+0+3+3+6 = 28. Ukigawa 28 kwa 3 inabaki 1, kwa 9 inabaki 1, kwahiyo na namba yenyewe ndo hivo hivo, 3 na 9 haziingii. Kwa 5 angalia mwisho tu, 6 inabakiza 1.

Sasa 7, 11 na 13 unazipima zote kwa mpigo mmoja na hii njia naipenda sana maana wengi hawakufundishwa. 7 × 11 × 13 ni 1001. Kata namba kwenye makundi ya tarakimu tatu tatu kuanzia kulia, afu toa na kujumlisha kwa kupokezana: 336 − 550 + 33 = −181. Kwasababu hasi inasumbua ongeza 1001, unapata 820. Hiyo 820 ina baki zile zile za namba yako kubwa. 820 kwa 7 inabaki 1, kwa 11 inabaki 6, kwa 13 inabaki 1. Hakuna inayoingia.

Andika pembeni kitu kimoja: kwa 3, 5, 7, 9 na 13 baki ni 1 kila sehemu. Baki ikijirudia namna hiyo ujue kuna sababu, tutairudia.

Hatua ya 2: toa 2 zote

Gawa kwa 2 mpaka ikatae, na hesabu umegawa mara ngapi, hapa ndo umakini unahitajika:

16,775,168
8,387,584
4,193,792
2,096,896
1,048,448
524,224
262,112
131,056
65,528
32,764
16,382
8,191

Mara 12, afu 8,191 ni witiri imegoma. Kwahiyo 33,550,336 = 2^12 × 8,191, na 2^12 ni 4,096. Namba ya milioni thelathini na kitu imebaki kuwa swali la namba ya elfu nane tu, ndo faida ya kupasua.

Hatua ya 3: je 8,191 ni tasa?

Hapa usiruke, kila kitu huko mbele kinategemea hili jibu.

Njia ya kawaida ni kujaribu namba tasa zote mpaka kwenye kipeuo cha pili. 90 × 90 ni 8,100 na 91 × 91 ni 8,281, kwahiyo huna haja ya kuvuka 90. Sababu ni kwamba kama 8,191 ingekuwa zao la namba mbili, lazima moja ingekuwa ndogo kuliko 91, zote mbili haziwezi kuwa kubwa. Namba tasa kuanzia 3 mpaka 89 ziko 23. Kugawa mara 23 inawezekana kabisa, kama dakika kumi hivi umemaliza.

Ila kuna njia ya mkato na ukiielewa utafurahi. Angalia 8,191 vizuri: ni 8,192 kasoro moja, na 8,192 ni 2^13. Namba za aina hii, 2 ya kipeo fulani ukitoa 1, zina tabia yake. Mfaransa Pierre de Fermat aliigundua miaka ya 1640: kama kipeo ni namba tasa (13 ni tasa), basi kigawo tasa chochote cha hiyo namba lazima kiwe kigawe cha 26 ukiongeza 1. Yani 26 ni 13 mara mbili. Kwanini? Chukua kigawo tasa q. Ukizidisha 2 yenyewe mara 13 afu ukagawa kwa q, baki ni 1. Na Fermat alionyesha kwamba ukizidisha 2 yenyewe mara q − 1 baki nayo ni 1. Sasa mzunguko wa kurudi kwenye 1 ni wa hatua 13, haiwezi kuwa pungufu kwasababu 13 haigawanyiki, kwahiyo q − 1 lazima iwe kigawe cha 13, na kwakuwa q ni witiri q − 1 ni shufwa, ndo inakuwa kigawe cha 26.

Chini ya 91 namba za hivo ni tatu tu: 27, 53 na 79. 27 sio tasa, itupe. Zimebaki mbili! 8,191 ÷ 53 inaleta 154 na ushee, 154 × 53 = 8,162, baki 29. 8,191 ÷ 79 inaleta 103 na ushee, 103 × 79 = 8,137, baki 54. Zote zimegoma. 8,191 ni tasa, na badala ya kugawa mara 23 umegawa mara mbili.

Kama unataka uhakika zaidi kuna kipimo cha Lucas na Lehmer. Anza na 4. Kila hatua zidisha namba kwa yenyewe, toa 2, afu chukua baki ya kugawa kwa 8,191. Fanya hivo mara 11 (kipeo 13 kutoa 2). Ukiishia na 0 ni tasa, ukiishia na kingine sio tasa. Zinatoka hivi: 4, 14, 194, 4870, 3953, 5970, 1857, 36, 1294, 3470, 128, 0. Sifuri. Ifanye mwenyewe kwenye simu, mfano 194 × 194 − 2 = 37,634, toa 8,191 mara nne unabaki na 4,870, na kuendelea. Kipimo hiki hiki ndo kilitumika kuithibitisha 2^136,279,841 − 1, namba tasa yenye tarakimu 41,024,320 iliyopatikana Oktoba 2024 na Luke Durant wa Marekani kupitia GIMPS, mradi wa kutafuta namba tasa kubwa za aina hii. Tofauti na yetu ni ukubwa tu, hesabu ni zile zile.

Hatua ya 4: vigawo vingapi, na jumla yake

Idadi ya vigawo: chukua kila kipeo, ongeza 1, zidisha. Kipeo cha 2 ni 12, kipeo cha 8,191 ni 1. (12+1) × (1+1) = 26. Vigawo 26 basi, hamna zaidi.

Viorodheshe kwa makundi mawili. Kundi la kwanza ni 1, 2, 4, 8, 16, 32, 64, 128, 256, 512, 1024, 2048, 4096. Kundi la pili ni hizo hizo ukizizidisha kwa 8,191, kuanzia 8,191 yenyewe, 16,382, 32,764 mpaka 33,550,336. Ukitazama vizuri kundi la pili ni ile orodha ya hatua ya 2 ikisomwa kutoka chini kwenda juu, na juu kabisa namba yenyewe.

Sasa jumlisha. Kundi la kwanza: 1+2+4+...+4096 = 8,191. Simama hapo kidogo. Jumla ya kundi la kwanza ndo ile namba tasa tuliyoipata. Kundi la pili ni kundi la kwanza mara 8,191, kwahiyo jumla yake ni 8,191 × 8,191. Zote pamoja ni 8,191 × 8,192 = 67,100,672.

Gawa hiyo kwa 2. Ni 33,550,336.

Yani ukijumlisha vigawo vyote vya hii namba ukiiacha yenyewe, unapata namba yenyewe kamili, haizidi hata moja haipungui hata moja. Namba za namna hii zinaitwa namba kamilifu na ni adimu mno. Ya kwanza ni 6 (1+2+3), ya pili 28 (1+2+4+7+14), afu 496, afu 8,128, afu hii yetu ni ya tano. Kati ya 8,128 na milioni 33 hakuna hata moja.

Euclid, Mgiriki aliyefanya kazi Alexandria kule Misri kama miaka 300 kabla ya Kristo, alishathibitisha kanuni: kama 2^p − 1 ni tasa, basi 2^(p−1) × (2^p − 1) ni kamilifu. Uthibitisho wake ndo huo tumeufanya hapo juu, weka p mahali pa 13 umemaliza. Karne ya 18 Leonhard Euler akafunga upande wa pili, kwamba kila namba kamilifu ya shufwa lazima iwe ya muundo huo. Za witiri hadi leo hakuna aliyeipata hata moja wala aliyethibitisha kwamba hazipo, kinachojulikana ni kwamba kama ipo lazima izidi 10^1500.

Zile nne za kwanza zilijulikana tangu zamani, mwanahesabu Nicomachus aliziandika kama mwaka 100 baada ya Kristo. Kwakuwa zina tarakimu moja, mbili, tatu na nne, watu kwa karne nyingi wakaamini ya tano itakuwa na tarakimu tano. Ina nane. Wakaamini pia zinaishia 6 na 8 kwa kupokezana, lakini ya tano inaishia 6 na ya sita, 8,589,869,056, inaishia 6 tena. Huu mfano naukumbuka kila mtu anapotaka kuamini mpangilio kwasababu umetokea mara nne. Ukiuliza kwanini pengo ni kubwa hivo jibu liko kwenye kipeo 11: 2^11 − 1 ni 2,047, na 2,047 = 23 × 89, sio tasa, kwahiyo nafasi hiyo ikarukwa mpaka 13. Ya tano ilikuwa kwenye orodha ya Ibn Fallus, mwanahesabu wa karne ya 13 aliyeandika kwa Kiarabu, wakati Ulaya inaonekana kwenye maandishi ya karne ya 15.

Nyongeza mbili za haraka kwenye vigawo. Vigawo 26 vinapangika jozi 13 na kila jozi zao lake ni 33,550,336. Na ukichukua 1 gawa kwa kila kigawo (1/1 + 1/2 + 1/4 mpaka mwisho) jumla ni 2 kamili. Hii ni tabia ya namba kamilifu zote.

Hatua ya 5: ngapi hazishirikiani nayo?

Swali hapa ni: kati ya 1 na 33,550,336, namba ngapi hazina kigawo cha pamoja nayo zaidi ya 1? Kwakuwa imejengwa na 2 na 8,191 tu, toa shufwa zote, zinabaki nusu, 16,775,168. Kati ya hizo toa witiri ambazo ni vigawe vya 8,191. Vigawe vya 8,191 viko 4,096 na nusu yake ni witiri, 2,048. Jibu 16,775,168 − 2,048 = 16,773,120. Hesabu ya aina hii ndo iko ndani ya usimbaji wa RSA, njia ya kuficha ujumbe inayotumika kwenye mtandao, kule wanatumia namba za mamia ya tarakimu ambazo hakuna anayeweza kuzipasua, na bila kuzipasua hii hatua ya 5 haifanyiki, usalama wote umekaa hapo.

Hatua ya 6: iandike kwa 0 na 1

Hapa wala huhitaji kugawa. 8,191 ni 2^13 − 1, kwa bainari ni moja kumi na tatu zilizopangana. Kuzidisha kwa 2^12 ni kuongeza sifuri 12 nyuma. Kwahiyo:

1111111111111000000000000

Tarakimu 25. Kwa heksadesimali (uandishi wa tarakimu 16, 0 mpaka 9 afu A mpaka F) ni 1FFF000. Na hiyo inakupa sura nyingine: 2^25 − 2^12, yani 33,554,432 − 4,096. Mtu wa kompyuta ataitambua mara moja, ni megabaiti 32 ukitoa kilobaiti 4.

Hatua ya 7: maumbo na miraba

Je ni namba ya pembetatu, yani jumla ya 1+2+3+... mpaka mahali fulani? Kipimo: zidisha kwa 8, ongeza 1, angalia kama ni mraba. 8 × 33,550,336 + 1 = 268,402,689, na kipeuo chake ni 16,383 kamili. Ndiyo basi, na ni jumla ya 1 mpaka 8,191.

Je yenyewe ni mraba? Hapana. Kalkuleta itakupa kipeuo 5,792.26 hivi, lakini hata bila kalkuleta unajua maana 8,191 imetokea mara moja tu, na kwenye mraba kila namba tasa lazima itokee mara shufwa.

Ukijumlisha vipeo vya tatu vya witiri, 1^3 + 3^3 + 5^3 mpaka 127^3, vyote 64, unapata 33,550,336. Ipo kanuni: jumla ya vipeo vya tatu vya witiri k za mwanzo ni k² × (2k² − 1), weka 64 inatoka 4,096 × 8,191.

Ila linalonivutia zaidi ni hili. Inawezekana kuiandika kama jumla ya miraba miwili? Hapana, maana 8,191 ukigawa kwa 4 inabaki 3 na imetokea mara moja. Mitatu? Kanuni ya Legendre inasema zinazoshindikana kwa miraba mitatu ni zile ambazo ukizigawa kwa 4 mara nyingi uwezavyo, inayobaki ukiigawa kwa 8 inabaki 7. Gawa yetu kwa 4 mara sita unafika 8,191, na 8,191 kwa 8 inabaki 7. Imeshindikana pia. Lagrange alithibitisha mwaka 1770 kwamba miraba minne inatosha kwa namba yoyote, na hii yetu inaihitaji yote minne. Kuitafuta anza na ndogo: 8,191 − 90² = 91, na 91 = 81 + 9 + 1. Kwahiyo 8,191 = 90² + 9² + 3² + 1². Zidisha kila moja kwa 64 (maana 64² = 4,096):

5760² + 576² + 192² + 64² = 33,550,336

Jumlisha uhakikishe: 33,177,600 + 331,776 + 36,864 + 4,096. Imekaa.

Turudi kwenye zile baki za 1

4,096 ni 4,095 + 1. 8,191 ni 4,095 mara mbili + 1. Kwahiyo ukizizidisha, ukigawa kwa 4,095 lazima ibaki 1. Na 4,095 = 3 × 3 × 5 × 7 × 13. Ndo maana 3, 5, 7, 9 na 13 zote zilibakiza 1, ila 11 haikubakiza 1 maana haimo. Jirani yake wa chini, 33,550,335, anapasuka vizuri mno kwasababu hiyo hiyo: 3 × 3 × 3 × 5 × 7 × 13 × 2,731.

Kuhakiki na kujipima

Ukitaka kuhakiki kwa mashine na una Linux, au programu ya Termux kwenye simu ya Android, andika `factor 33550336` itakuletea 2 kumi na mbili na 8191. Ila fanya kwa mkono kwanza, mashine itakupa jibu haitakupa sababu.

Afu chukua ya sita, 8,589,869,056, uipitishe hatua zote. Majibu ya kulinganisha: 2^16 × 131,071. Kuthibitisha 131,071 ni tasa unahitaji vigawe vya 34 ukiongeza 1 mpaka 362, na zilizo tasa ni nne tu, 103, 137, 239 na 307 (Pietro Cataldi wa Italia mwaka 1588 aliithibitisha kwa kugawa namba tasa moja moja, hakuwa na huu mkato). Vigawo 34. Zisizoshirikiana nayo 4,294,901,760. Bainari ni moja 17 na sifuri 16. Vipeo vya tatu vinaishia 511^3. Na nayo inahitaji miraba minne. Ukipata tofauti rudi hatua ya 2 kwanza, makosa mengi yanatokea kwenye kuhesabu umegawa kwa 2 mara ngapi.